Vitunguu vya Wifi Yangu

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeanza kuandika leo kwa sababu mume wangu amelalamika. Anasema nikiendelea kumsimulia habari za soko kila jioni, masikio yake yatahama nyumba. Yeye ni fundi baiskeli, mtu wa kimya, anapenda kukaa na spoku zake. Haya, bwana, nimekuacha. Nitaliambia daftari.

Sokoni wananiita Redio. Jina sikulichagua, lakini sijalikataa pia. Ninalima mchicha na spinachi, na kila Jumamosi kabla lango halijafunguliwa mimi ndiye ninayeandika habari kwenye ubao mweusi: nani ana nini leo, nani kapata mjukuu, nani kaokota mwavuli. Soko letu ni la wakulima wenyewe. Meza yako iwe na kilichotoka shambani kwako, basi. Tukikukuta unauza ndizi na huna hata mgomba mmoja, kwanza tunakucheka, halafu tunakufukuza.

Msimu wa sikukuu umefika. Shule zinafungwa, watu wanarudi kutoka mijini, na kila jiko litataka mboga. Mchicha wangu umesimama vizuri. Nina hamu na Jumamosi.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na wifi yangu ameteleza kwenye ukingo wa mfereji akiwa na kapu kichwani. Mguu umevunjika chini ya goti, mfupa umetoboa ngozi. Wamemlaza hospitali, na kwa sababu ya kidonda hatatoka hivi karibuni. Mume wangu alikwenda kumwona. Mimi nilibaki.

Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Hawakujaliwa watoto. Tangu kaka afariki, miaka minne sasa, hatusemezani, na sababu inajulikana soko zima. Kaka tulimzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi, mimi nimelala sakafuni kati ya shangazi zangu, sauti imenikauka kwa kulia, mtu akaja akatuambia, "Mjane yuko sokoni, amepanga vitunguu." Sikuamini, nikatuma mtu akaangalie. Ni kweli. Udongo wa kaburi haujakauka, yeye yuko mezani! Siku hiyo nilimfunga moyoni na ufunguo nikautupa.

Kwa hiyo leo nimesikitika, ndiyo, mtu ni mtu. Lakini sikulia.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo nimejiingiza mahali sikutumwa.

Nilikuwa langoni naandika habari. Nilikuwa nimeshaandika kwamba kabichi zipo, kwamba mzee wa asali amerudi kutoka kutibiwa macho, na chini nikatia utani kidogo: "Nyanya za Bwana Nailoni zimewasili. Wapenzi wa maji mekundu, karibuni." Bwana Nailoni analima nyanya ndani ya nyumba kubwa ya nailoni, kwa hiyo anavuna hata wakati wenzake mashamba yanaelea. Nyanya zake zinapendeza. Ladha ndiyo zinaitafuta. Watu walicheka sana. Yeye alisoma, akapita.

Kisha akaja Mwenyekiti wa kamati ya soko. Ni mfuga kuku, anauza mayai, na anaongea polepole kana kwamba kila neno linaweza kuvunjika. Akasema, "Redio, ongeza hapo. Meza ya vitunguu ya langoni leo ni tupu. Ikiwa tupu na Jumamosi ijayo, inagawiwa. Ndiyo kanuni, soko mbili mfululizo."

Kanuni naijua. Nikaishika chaki, mkono ukagoma.

"Mwenyekiti, ile meza kaka yangu ndiye aliyeipigilia misumari."

"Najua. Lakini kamati haiangalii misumari, inaangalia kilicho juu yake."

Nikageuka, nikamwona Bwana Nailoni amesimama kwenye meza ya kaka, anaipima kwa viganja, kiganja baada ya kiganja. Damu ikanipanda. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye viazi, "Jumamosi ijayo meza hii itakuwa na vitunguu."

"Vya nani?"

"Vya shamba lake. Nitavileta mimi."

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Lakini wewe na wifi yako si ham..."

"Mimi na wifi yangu hatusemezani. Vitunguu sijagombana navyo."

Basi neno nimeshalisema, siwezi kulimeza. Ninafanya hivi kwa ajili ya kaka. Yeye asijidanganye kwamba ni kwa ajili yake.

Jumatatu, 24 Novemba

Mume wangu ametoka hospitali na ujumbe: "Shemeji anasema usiguse vitunguu vyake."

"Amesema hivyo hivyo?"

"Alisema kwa urefu. Mimi nimepunguza."

Jumatano, 26 Novemba

Nimeingia shambani kwake. Lipo nyuma tu ya mfereji, halina ukubwa wowote, na ndilo alilo nalo duniani. Nilitegemea kukuta vurugu. Nimekuta mistari imenyooka, gugu hata moja la kuapia hakuna. Kila tuta limeinuliwa kwa mkono ili maji yasituame. Mimi nina mume wa kunisaidia na bado magugu yananishinda, huyu anafanyaje peke yake? Nikajijibu kwamba hana watu wa kuongea nao, ndiyo maana ana muda. Jibu hilo lilinitosha kwa leo.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeng'oa magunia mawili. Mgongo si wangu. Vitunguu vilitoka na matope, vichafu vinatia aibu. Nikavipeleka mferejini, nikavisugua kimoja kimoja, nikakata majani, nikamenya maganda ya juu yaliyochakaa mpaka vikang'aa. Mwanamke wa mboga anajua kupendezesha mali. Asubuhi nitavinyunyizia maji kidogo viamke.

Jumamosi, 29 Novemba

Ushindi! Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "MEZA YA LANGONI IPO NA VITUNGUU VIPYA." Vilikwisha kabla jua halijasimama kichwani. Mpishi wa hoteli ya stendi alichukua ndoo mbili nzima akisema hajawahi kuona vitunguu visafi hivyo. Bwana Nailoni alipita, akavikodolea macho, akaenda zake.

Wateja wa wifi wana maneno mengi. Kila mmoja anauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Mama mmoja anayekaanga vitafunwa barabarani alisimama tu, anasubiri. Nikamwambia achague. Akasema, "Mwenyewe huwa ananichagulia vidogo vidogo, ananiwekea pembeni. Anajua vikubwa sivimudu." Sikujua hilo. Miaka minne niko meza ya kumi kutoka pale, na sikuwahi kuona akimwekea mtu kitu pembeni. Labda kwa sababu nilikuwa sitazami.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Spinachi inapenda. Mimi siipendi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mume wangu tena, na ujumbe tena. "Shemeji amesikia meza ilifunguliwa. Hakusema asante, lakini hakutukana. Ameuliza jambo moja tu: hukuvilowesha, sivyo?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuchambua.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mvua inanyesha."

Jumamosi, 6 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mpishi.

Nilikuwa bado naandika habari nikasikia kishindo nyuma yangu. Ni ndoo. Mpishi wa hoteli alikuwa ameitua miguuni pangu, na harufu iliyotoka humo ilinirudisha nyuma hatua. Vitunguu vyangu, vile vilivyokuwa vinang'aa, vilikuwa uji. Vyeusi, vinateleza.

"Siku ya tatu tu, mama! Siku ya tatu! Nimemwaga mchuzi mzima wa wageni wangu!"

Hakuwa peke yake. Walikuja na mifuko, na vikapu, na yule mama wa vitafunwa alikuja na vitunguu vyake vidogo amevifunga kwenye gazeti, hakupiga hata kelele, aliviweka mezani tu. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote.

Mzee wa asali alikichukua kimoja akakibonyeza shingoni. "Redio, ulivifanyaje hivi?"

"Niliviosha."

"Uliviosha!" Nadhani walisikia mpaka ng'ambo ya mfereji. "Kitunguu unaosha? Hukukianika?"

"Mboga isipopata maji hainunuliwi," nikasema, na hata kabla sijamaliza nilisikia nilivyo mjinga. Kitunguu si mchicha. Kitunguu kinataka kukauka mpaka shingo ifunge, na mimi nimekivua nguo nikakiogesha.

Walicheka, wakacheka tena. Ningecheka na mimi kama meza ingekuwa ya mtu mwingine. Nikapiga moyo konde. Nikaenda kwenye meza yangu, nikabeba mchicha na spinachi yote, nikampa kila aliyerudisha vitunguu fungu lake, mpishi nikampa kapu zima. Nilirudi nyumbani na makapu matupu na mfuko mtupu.

Kabla sijaondoka Mwenyekiti aliniita pembeni. "Tarehe ishirini ni soko la kufunga mwaka. Kamati itapita meza hadi meza. Ya langoni ikiwa na mali safi ya shamba lake, inabaki kwa mwenyewe. Ikiwa na uji, Redio, mwaka mpya inakwenda kwa Bwana Nailoni. Mpaka siku hiyo, weka hata vitunguu kumi, nitahesabu imefunguliwa. Zaidi ya hapo siwezi."

Huyu mtu nimekuwa nikimwita kichwa maji. Leo nimeona anajaribu kunisaidia bila kanuni kumwona.

Sasa nimekaa nawaza. Mwenye meza yuko kitandani na mguu wa plasta, hana mtoto, hana mwingine, na jina lake ninaliharibu mimi. Nilitaka kulinda meza ya kaka. Kumbe naibomoa meza ya mke wake. Sikubali. Nitaanza upya kesho.

Jumapili, 7 Desemba

Nimemtuma mume wangu akaungame kwa niaba yangu, kisha aombe maelekezo. Nilimwambia asipunguze neno. Amerudi anayakariri juu ya baiskeli mtu asije akamsahaulisha:

"Ng'oa vile ambavyo majani yameshalala. Usioshe. Usimenye. Usikate shingo. Viweke juu ya kichanja, upepo upite chini. Tone la maji lisiviguse mpaka shingo iwe kavu kama karatasi. Na umwambie mkeo ana mikono ya bata."

"Ya bata?"

"Ulisema nisipunguze."

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeng'oa magunia sita katikati ya mvua mbili. Vile vyenye majani yaliyolala tu. Karakana ya mume wangu imegeuka ghala. Vitunguu vinaning'inia kati ya magurudumu. Mteja aliyekuja kuziba pancha aliuliza kama tumebadilisha biashara.

Jumanne, 9 Desemba

Paa la karakana linavuja. Usiku mzima ndoo. Vilivyo upande wa ukutani vimeanza kuota ukungu. Nimevitoa, nimevitupa, mikono inanuka, na bado mbingu zimefumba uso. Hakuna jua. Jikoni hapatoshi, chumbani hapatoshi, na upepo haupiti kokote.

Naijua nyumba moja tu iliyo kavu katika eneo hili lote. Sitaki hata kuiandika.

Jumatano, 10 Desemba

Nimekwenda kwa Bwana Nailoni.

Njiani niligeuka nyuma mara mbili. Mara ya tatu nikajiambia, wewe mwanamke, aibu haijawahi kumuua mtu, nenda. Nikamkuta ndani ya ile nyumba yake, anang'oa mashina ya nyanya yaliyokwisha. Upande mzima ulikuwa mtupu. Juu mvua inapiga, chini vumbi. Pembeni nailoni imekunjwa, upepo unaingia huku unatokea kule. Nilitaka kulia kwa wivu.

"Redio," akasema bila kuinuka. "Umekuja kuonja maji mekundu?"

Nililistahili. Nikamwambia shida yangu yote, moja kwa moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Ngoja nielewe. Ile meza ikikosa vitunguu tarehe ishirini, ni yangu."

"Ndiyo."

"Na wewe umekuja kuniomba nyumba yangu nikusaidie niikose."

"Ndiyo."

Alinitazama, halafu akaangua kicheko, cheko la mtu asiyecheka mara nyingi. Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akanionyesha nyingine.

"Nyie watu wa ile meza mtaniua. Unajua hii ni mara ya pili? Ule mwaka kaka yako alipokuwa mahututi, meza ilikaa tupu Jumamosi moja, mkewe yuko naye hospitali. Wiki ile akafariki, mkazika Ijumaa. Mimi nikapiga hesabu zangu. Samahani, lakini nilipiga. Nikasema kesho itakuwa tupu kwa mara ya pili, nani atatoka msibani aje sokoni? Nikafika kabla ya lango kufunguliwa, na nyanya zangu kwenye toroli."

Nikaisogeza ndoo yangu karibu.

"Nikamkuta yeye. Nguo za msiba, macho yamevimba hayafunguki, anapanga vitunguu. Vya mwisho alivyovuna marehemu. Nikaona haya, nikasimama. Watu wakaanza kuja kununua, wakimuuliza bei. Unajua alikuwa anawajibu nini? Anasema, 'Sijui. Bei anaijua mwenyewe.' Kila mtu, jibu ni hilo hilo. 'Bei anaijua mwenyewe.' Siku nzima hakuuza hata kimoja. Jioni akavirudisha kwenye kapu, akaondoka. Meza ikabaki ya kaka yako."

Nililia pale pale juu ya ndoo ya mtu. Mwaka ule sikuwa nimeanza kuandika habari. Sikuwa najua meza ilikuwa imeshakosa Jumamosi moja. Hakuna aliyeniambia, au waliniambia na mimi nilikuwa sisikii mtu. Miaka minne! Nilimhukumu kwa kutoka msibani, kumbe alitoka kushika kitu cha mwisho cha mumewe kisichukuliwe, na alikishika bila kuuza chochote. Mimi nililala sakafuni. Yeye ndiye aliyekwenda.

Bwana Nailoni alitazama mvua mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Leta vitunguu vyako. Ila nina sharti. Yale maneno yako ya ubaoni, uyafute kwa maneno mengine. Herufi kubwa. Na mimi nikiwa nimesimama pale."

"Nitaandika."

"Na useme zina ladha."

"Hapo umezidi, bwana."

"Redio."

"Nitaandika zina ladha."

Alhamisi, 11 Desemba

Tumehamisha vyote kwa toroli lake. Amenisaidia kujenga kichanja kwa mianzi na nyavu kuukuu. Usioshe, usimenye, usikate shingo. Nilikuwa nasema kwa sauti, akaniuliza kama ni sala. Nikamwambia kwangu mimi sasa ni sala.

Jumamosi, 13 Desemba

Habari za leo ubaoni: "Ng'ombe wa mzee wa asali amezaa. Mwavuli mwekundu bado haujapata mwenyewe. REDIO ANAOMBA RADHI. NYANYA ZA BWANA NAILONI NI NYANYA KAMILI NA ZINA LADHA." Alisimama mbele ya ubao akasoma kwa sauti, mara mbili, mara ya pili taratibu zaidi. Watu walinizomea vizuri. Nikanunua nyanya zake ili nisiwe mwongo. Zikikaa siku mbili, kusema kweli, si mbaya.

Mezani kwa wifi niliweka vitunguu vichache vilivyopona karakanani. Hakuna aliyenunua. Nilisimama pale mpaka lango linafungwa.

Jumapili, 14 Desemba

Nimekwenda hospitali mwenyewe. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu. Nimemkuta amelala. Amekonda, nywele zake zina mvi mbele ambazo sikuwa nazijua. Mikono yake iko juu ya shuka, na kila kidole kina ufa wa udongo ambao hata hospitali wameshindwa kuuosha. Nilikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Sikumwamsha. Nilitoa kitunguu kimoja mfukoni, nilichokuwa nimekichukua juu ya kichanja, nikakiacha kwenye kabati dogo karibu na kichwa chake.

Jumatatu, 15 Desemba

Mume wangu: "Shemeji ameuliza nani ameacha kitunguu. Nikamwambia. Amekibonyeza shingoni, akakaa nacho. Halafu akasema, 'Bado kidogo. Avigeuze kila asubuhi.'"

"Basi?"

"Basi. Lakini wakati naondoka bado alikuwa amekishika."

Jumanne, 16 Desemba

Nimevigeuza.

Jumatano, 17 Desemba

Nimevigeuza. Mvua kubwa, upepo umeng'oa upande mmoja wa nailoni. Mimi na Bwana Nailoni tuliishikilia kwa mikono hadi mume wangu alipofika na kamba na waya. Sisi watatu tuliloa chepechepe. Vitunguu havikuguswa na tone.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimevigeuza. Vinatoa sauti! Ukipitisha mkono juu yake vinachakarika kama majani makavu. Nimesimama pale nikivichakarisha, mtu mzima mimi, nacheka peke yangu.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimekata shingo zote, kavu. Nimevipanga kwenye magunia. Vilivyo vidogo nimeviweka pembeni, kwenye kapu la mama wa vitafunwa.

Wifi anaruhusiwa kutoka Jumatatu. Hatakuwepo kesho, na ni afadhali.

Jumamosi, 20 Desemba

Soko la kufunga mwaka. Mvua imekatika alfajiri, na watu wamemiminika mpaka lango limeshindwa. Wageni wa mijini, viatu vyao vyeupe kwenye matope, watoto wanavuta mikono ya mama zao. Mchicha wangu nilimwachia jirani yangu wa viazi. Mimi nilisimama kwenye meza ya vitunguu.

Hakuna aliyekuja. Waliniona, wakakumbuka uji, wakapita. Mpishi wa hoteli alipita na kikapu chake akaangalia upande mwingine kabisa. Kamati ilikuwa imeshaanza mwisho wa mstari, inakuja meza kwa meza, Mwenyekiti mbele, na nyuma yao nikamwona Bwana Nailoni amefunga mikono mgongoni. Alinikonyeza. Sijui kama alikuwa ananitakia heri au anaaga meza.

Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli. Kengele ya mume wangu ninaijua. Watu wanapisha, wanapisha, na huyo hapo anasukuma baiskeli iliyofungwa nyuma mkokoteni mpya, wenye magurudumu mawili na godoro, na juu ya godoro wifi yangu, mguu wa plasta mbele kama bomba, magongo mawili mapajani.

"Si walisema Jumatatu?" nilimuuliza mume wangu.

"Walisema. Yeye akasema yake."

Alimshusha, tukamkalisha kwenye kreti. Hakunitazama. Alinyoosha mkono akachukua kitunguu, akakibonyeza shingoni kwa kidole gumba. Akakiweka. Akachukua kingine. Kamati ilifika ikasimama, hakuna aliyethubutu kumwingilia. Alipekua gunia mpaka chini, akatoa vitatu, akavitupa miguuni pangu.

"Hivi bado vina maji," akasema. "Huoni?"

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka minne, na yalikuwa ya kunigombeza. Sijawahi kusikia maneno mazuri kama hayo.

"Sikuona," nikasema. "Nisamehe, wifi."

Nadhani alijua sisemi juu ya vitunguu vitatu, kwa sababu alibaki ameliinamia gunia lile kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Akaliona kapu la vidogo pembeni. Akaligusa. "Hivi vya nani?"

"Vya mama wa vitafunwa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Mwenyekiti alichukua kitunguu, akakibonyeza naye, akampa mwenzake, mwenzake akampa Bwana Nailoni. Bwana Nailoni alikinusa, akakikung'uta karibu na sikio, akashusha pumzi. "Kavu," akasema. "Mimi nitaisubiri tena mwakani, nimeshazoea." Watu wakacheka, na Mwenyekiti akasema, akilitoa kila neno kama yai, "Meza inabaki kwa mwenyewe."

Mpishi wa hoteli alikuwa ameshasogea. Alibonyeza kimoja, akabonyeza viwili, akatua kikapu chake. Akamgeukia wifi yangu, maana huyo ndiye anayemjua. "Karibu tena, mama. Pole na mguu. Vitunguu vyako leo bei gani?"

Wifi yangu aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Sijui," akasema. "Muulize wifi yangu. Bei anaijua mwenyewe."

Nilishika ukingo wa meza, pale kwenye misumari ya kaka. Mpishi alikuwa anasubiri. Nikataja bei, sauti haikutoka. Nikaitaja tena.